Ziwa la Karibu na Jiji: Namna ya Kupanga Siku Moja Kando ya Maji

Maji yaliyo jirani na jiji kubwa huwa na kazi yake kabla ya kuwa mandhari. Kuna yanayojaza mabomba ya wakazi, kuna yaliyozuiwa kwa ukuta ili mvua isifurike mitaani, kuna yanayopokea kila kinachotoka kwenye mitaro, na kuna yanayopitisha vivuko na mizigo tangu alfajiri. Mtu anayefika na mkeka wake Jumamosi asubuhi haioni kazi hiyo, lakini ndiyo inayoamua kama ataogelea au ataishia kutazama, kama atakodi mtumbwi au atakuta bango la marufuku, na kama mtoto wake atarudi nyumbani salama au na upele. Ndiyo sababu mwongozo huu hauanzii kwenye orodha ya vitu vya kubeba. Orodha itakuja, na itakuwa fupi.

Hatua ya 1: Jua ziwa linafanya kazi gani

Kabla hujauliza kama ni pazuri, uliza maji yale yanatumikaje na yanasimamiwa na nani.

Tazama Singapore. Bwawa la MacRitchie lilikamilika mwaka 1868 kwa ajili ya maji ya kunywa. Leo watu hutembea katika msitu unaolizunguka na kupiga kafi juu ya maji yake, ila kuogelea ni marufuku. Katika jiji hilohilo, ghuba ya Marina ilikuwa maji ya chumvi mpaka ukuta wa Marina Barrage ulipofunguliwa mwaka 2008 na kuigeuza bwawa. Mgeni akiona minara ya vioo na maji yaliyotulia, hawezi kukisia kwamba yale ni maji ya bomba yanayosubiri kusafishwa.

Berlin imekwenda njia nyingine. Jiji huvuta maji yake kutoka visimani, vingi vikiwa karibu na mito na maziwa, ili mchanga uyachuje kwanza. Kwa hiyo watu huogelea katika Müggelsee, ziwa kubwa kuliko yote jijini, ingawa mtambo wa maji uko ukingoni hapohapo. Upande wa pili wa jiji, ufuko wa Wannsee umekuwa mahali rasmi pa kuogelea tangu 1907.

Chicago hunywa maji ya Ziwa Michigan. Zamani Mto Chicago ulimwaga uchafu wa jiji ndani ya ziwa hilohilo, hadi mwaka 1900 wahandisi walipougeuza mkondo wake uelekee bara. Njia ya miguu na baiskeli inayofuata ukingo wa ziwa kwa kilomita zipatazo 29 inanufaika na uamuzi huo mpaka leo. Na kuna Kolkata, ambako vinamasi vya mashariki mwa jiji hupokea majitaka na kuyapitisha kwenye mabwawa ya samaki. Tangu 2002 vimo katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Ni mahali pa kutazama ndege na kushangaa jinsi jiji linavyosafishwa bure na mimea na jua. Mguu wako uache kwenye nchi kavu.

Jibu la swali hili hupatikana kwa dakika kumi. Fungua ramani yenye picha za setilaiti. Ukiona upande mmoja wa maji umenyooka kama umekatwa kwa rula, huo ni ukuta, na unachokiangalia ni bwawa. Fuata vijito vinavyoingia: je, vinatoka milimani na misituni, au vinapita katikati ya viwanda na makazi? Kisha tafuta tovuti ya mamlaka ya maji au ya hifadhi, usome sheria zake na si picha zake.

Bwawa la maji ya kunywa utalikuta na uzio, saa za kufunga lango, na marufuku ya mbwa na ya kuogelea. Kingo zake mara nyingi ni mwinuko mkali wa mawe au zege, na maji hupanda na kushuka kulingana na matumizi, kwa hiyo tope lililoachwa wazi linaweza kukumeza hadi magotini. Chini ya ukuta, maji huweza kufunguliwa ghafla. Usitandike mkeka kwenye mto uliokauka chini ya bwawa hata kama kivuli ni kizuri. Ziwa la bustani lililochimbwa kwa mikono huwa na kina kifupi, hupata joto haraka, na huota mwani mapema. Ziwa la asili lina wavuvi, wanyama na vijiji vyake, na lina tabia ya kuhama. Maziwa ya Bonde la Ufa nchini Kenya, likiwemo Naivasha lililo umbali wa kilomita tisini hivi kutoka Nairobi, yalipanda sana kufikia mwaka 2020, yakafunika barabara, nyumba na sehemu za kupumzikia wageni. Ramani ya zamani ya ziwa la aina hiyo ni hadithi tu.

Pia yapo maji yaliyostaafu. Bwawa kubwa la Central Park jijini New York liliacha kuhudumia mabomba mwaka 1993, na sasa linajulikana zaidi kwa wakimbiaji wanaozunguka njia yake ya kilomita mbili na nusu.

Hatua ya 2: Chagua saa kabla ya kuchagua siku

Watu hubishana kuhusu siku, Jumamosi au Jumapili, wakati saa ndiyo yenye uzito. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda, na hewa ya baridi kutoka ziwani huja kuchukua nafasi yake. Huo ndio upepo wa ziwani. Huanza taratibu karibu na katikati ya asubuhi na kufikia nguvu yake alasiri. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, upepo huvuma kuelekea majini. Juu ya Ziwa Victoria, pepo hizo za usiku kutoka pande zote hukutana katikati na kuzalisha ngurumo kali, na ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwa hilo hupiga kati ya usiku na asubuhi wakati wavuvi wako kazini.

Kwa mgeni, maana yake ni hii: kama unataka kupiga kafi, kupiga picha au kutazama ndege, uwe umefika jua linapochomoza, ilimradi anga ni safi. Maji huwa kioo, na hewa ikiwa baridi kuliko ziwa utapata ukungu mwembamba unaopeperuka juu ya uso wa maji kwa saa moja hivi. Kama unataka upepo wa kupunga joto, njoo mchana. Kama unataka tanga, alasiri ni yako.

Kwa upande wa siku, chagua ile isiyofuata mvua kubwa. Sababu iko katika hatua inayofuata. Na kama una uhuru wa kwenda katikati ya wiki, usiutumie vibaya: nenda. Maegesho ya maziwa ya karibu na jiji hujaa kabla ya saa nne asubuhi siku za mapumziko, na magari yanayogeuka yakitafuta nafasi huharibu utulivu uliokuleta.

Utabiri wa hali ya hewa usome kwa vitu vitatu: kasi ya upepo, mwelekeo wake, na uwezekano wa radi. Nyuzi joto zina umuhimu mdogo. Kwa radi kuna kanuni rahisi inayofundishwa sehemu nyingi: ukiona mmweko na ngurumo ikafika kabla hujahesabu sekunde thelathini, toka majini na uondoke ukingoni, ingia ndani ya jengo au gari. Subiri dakika thelathini tangu ngurumo ya mwisho. Mti mmoja uliosimama peke yake ufukoni si hifadhi. Ni mahali pabaya kuliko pote pa kusimama.

Hatua ya 3: Soma maji

Hapa ndipo ningependa msomaji akae muda mrefu, kwa sababu macho hudanganya. Maji maangavu yanaweza kuwa na vijidudu tele, na maji ya rangi ya chai yanaweza kuwa salama kabisa, yamepata rangi kutokana na majani yaliyooza.

Anza na mvua. Katika miji mingi ya zamani, maji ya mvua na majitaka ya vyoo hupita katika bomba moja chini ya barabara. Mvua ikizidi uwezo wa bomba, mchanganyiko huo hufunguliwa uende mtoni au ziwani, la sivyo ungerudi majumbani. Hata penye mabomba mawili tofauti, mvua husomba kinyesi cha mifugo na mbwa, mafuta ya magari na takataka. Kwa hiyo baada ya mvua kubwa ahirisha kuogelea kwa siku mbili au tatu. Paris ni mfano mzuri wa ugumu huu. Kuogelea katika mto Seine kulipigwa marufuku mwaka 1923, na baada ya matumizi makubwa ya fedha sehemu tatu zilifunguliwa kwa umma Julai 2025. Hata hivyo kila siku hupandishwa bendera ya kijani, njano au nyekundu, na mvua ikinyesha sana maeneo hayo hufungwa. Kama jiji lenye uwezo huo bado linaisikiliza mvua, nawe isikilize.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya maeneo ya kuogelea hupimwa na kupewa moja ya madaraja manne, kuanzia bora sana hadi duni, na matokeo hubandikwa hapohapo ufukoni. Kwingineko uliza ofisi ya afya ya mji. Pasipo na vipimo vyovyote, chukulia kwamba maji hayajapimwa. Wingi wa watu wanaooga humo hauthibitishi kitu.

Kisha tazama rangi ya uso. Mwani wa bluu-kijani, ambao kwa kweli ni bakteria, hustawi pale maji yanapokuwa ya joto, yametulia, na yamejaa mbolea au majitaka. Huonekana kama rangi ya ukutani iliyomwagwa juu ya maji, kijani kibichi au cha bluu, wakati mwingine na harufu ya uozo. Jaribio la fimbo husaidia: chovya kijiti, kiinue. Kikitoka na nyuzinyuzi ndefu zinazoning’inia, huo ni mwani wa kawaida, unachukiza tu. Kikitoka kimepakwa utando kama rangi, ondoka, na mzuie mbwa asinywe, kwani mbwa hufa kwa sumu hiyo ndani ya saa chache. Kuchemsha hakuondoi sumu. Agosti 2014 wakazi karibu nusu milioni wa Toledo, huko Ohio, waliambiwa wasinywe maji ya bomba kwa takriban siku tatu kwa sababu sumu ya mwani wa Ziwa Erie ilikuwa imeingia kwenye mfumo, na walionywa wasichemshe maana maji yakipungua sumu huzidi ukali.

Povu nalo lina lugha yake. Povu dogo jeupe lililorundikwa na upepo kwenye kona moja ni jambo la kawaida. Povu zito linalokaa, lenye harufu ya sabuni, ni majitaka. Ziwa Bellandur jijini Bengaluru, katika miaka ya 2015 hadi 2018, lilitoa povu lililofurika hadi barabarani, na zaidi ya mara moja uso wake uliwaka moto. Maji ya namna hiyo hata upepo wake usiukae.

Mwisho ni kichocho, na hapa wakazi wa Afrika tunahusika kuliko wengine. Vimelea vyake hukua ndani ya konokono wadogo wa majini, hutoka na kuogelea, na kupenya ngozi ya binadamu ndani ya dakika chache bila jeraha lolote. Konokono hao hupenda maji yaliyotulia yenye majani ukingoni, pale hasa watoto wanapocheza na watu wanapofua. Ziwa Victoria na Ziwa Malawi yote yana historia ndefu ya ugonjwa huu. Vimelea huwa vingi zaidi majini saa za jua la mchana. Kujifuta kwa taulo haraka kunaweza kupunguza hatari kidogo lakini si kinga ya kutegemea. Kusimama kwenye maji yanayofika kwenye vifundo vya miguu kunatosha kukuambukiza. Wengi hudhani hatari iko kwa anayepiga mbizi. Bahari na bwawa la kuogelea lililotiwa klorini havina tatizo hili.

Kuhusu kiboko na mamba nitasema kwa ufupi. Kama wapo, wapo hata usipowaona. Kiboko hutoka kulisha jua likizama na hurudi majini alfajiri kwa njia ileile. Usisimame kati yake na maji. Mwulize mvuvi, si mwuza tiketi.

Hatua ya 4: Panga kurudi kwanza

Kwenda ni rahisi, kila kitu asubuhi kinakwenda upande wako. Tazama basi, treni au kivuko cha mwisho cha kurudi ni saa ngapi, na siku za mapumziko ratiba hubadilika. Pakua ramani kwenye simu kabla ya kuondoka, kwa sababu mabonde ya maji hukosa mtandao. Mwachie mtu jina la ziwa na la lango utakaloingilia. Maziwa makubwa yana malango mengi, na kusema “niko ziwani” hakumsaidii anayekutafuta.

Hatua ya 5: Mfuko

Maji ya kunywa zaidi ya unavyodhani. Kofia, na nguo ya mikono mirefu. Miwani ya jua inayokata mng’ao ina faida ya pili: hukuwezesha kuona chini ya uso wa maji, mawe na kina. Viatu vinavyokubali kulowa, maana chupa zilizovunjika hukaa ufukoni miaka mingi. Nguo kavu za kubadilisha, filimbi, dawa ya mbu kama utabaki hadi jioni, na mfuko wa kurudishia taka zako. Simu iweke kwenye mfuko usioingiza maji, hata kama kampuni imesema simu yenyewe haiingii maji. Basi.

Hatua ya 6: Zunguka kabla ya kukaa

Watu wengi huketi mahali pa kwanza penye nafasi, na hapo ndipo kelele, taka na nzi hukusanyika. Tembea robo saa kutoka langoni. Idadi ya watu hupungua haraka mno, na upande wa ziwa unaopokea upepo huwa na taka zinazoelea kuliko upande unaoutoa.

Kabla ya kuamua kulizunguka ziwa lote, hakikisha njia inafunga duara. Nyingi hukatika kwenye mali ya mtu au kinamasi, na utalazimika kurudi ulikotoka. Mtu mzima hutembea kilomita nne hadi tano kwa saa kwenye njia tambarare. Ukiwa na watoto au kamera, gawa kwa mbili. Hồ Tây, ziwa kubwa la Hanoi, lina mzunguko wa kilomita 17 hivi, jambo ambalo huonekana dogo kwenye ramani na kubwa sana saa saba mchana.

Yapo maziwa ambayo njia yenyewe ndiyo kivutio. Ziwa la Magharibi la Hangzhou, lililoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011, linakatwa na tuta la karibu kilomita tatu. Mshairi Su Shi, alipokuwa mtawala wa mji huo katika karne ya 11, aliamuru ziwa litolewe matope yaliyokuwa yakiliua, na matope hayo yakatumika kujenga tuta. Leo watu hutembea juu yake chini ya miti ya mierebi, wakikanyaga uchafu wa miaka zaidi ya 900 iliyopita. Tuta lolote la ziwa ukilikuta, tembea juu yake: utapata maji pande zote mbili, na upepo.

Kwa kutazama ndege, saa mbili za kwanza baada ya jua kuchomoza ndizo zenye mavuno. Simama jua likiwa mgongoni mwako. Ukingo wenye matete una ndege wengi kuliko ufuko uliofyekwa, na mdomo wa kijito una wengi kuliko vyote. Mabwawa ya maji ya kunywa, yanayowachosha waogeleaji kwa marufuku zake, huwafurahisha wapenzi wa ndege kwa sababu hizohizo: Walthamstow jijini London ni mabwawa kumi yanayoendelea kuhudumia mabomba, yaliyofunguliwa kwa umma bure mwaka 2017, na ni miongoni mwa sehemu bora za kutazama ndege wa majini ndani ya jiji hilo. Usiwape mabata mkate. Hauwalishi vizuri, na unaobaki huoza na kulisha ule mwani tuliouzungumzia.

Hatua ya 7: Kama utaingia majini

Ingia penye mlinzi, penye alama, na kwa miguu kwanza. Usiruke kichwa mbele mahali usipopajua. Kina cha bwawa hubadilika wiki kwa wiki, na jiwe lililokuwa mita tatu chini mwezi uliopita laweza kuwa mita moja leo. Ufuko wa ziwa unaweza kushuka taratibu hatua kumi kisha ukakatika ghafla, kwa hiyo anayejifunza kuogelea aogelee kuelekea ukingoni anapofanya mazoezi, asielekee kwenye kina.

Epuka gati na kuta za kuvunja mawimbi. Watu hudhani mikondo ni mambo ya bahari, lakini katika maziwa makubwa kama Michigan maji yanayosukumwa na upepo hugonga ukuta na kutafuta njia ya kutokea kando yake, na hapo huvuta mtu nje.

Baridi ya maji ni hatari inayodharauliwa. Siku ya joto kali mwanzoni mwa majira ya joto, ziwa la nchi za baridi au la milimani huweza kuwa chini ya nyuzi 15. Mwili ukitumbukia ghafla hapo, pumzi hukatika na mtu huvuta hewa kwa nguvu bila kutaka. Kichwa kikiwa chini ya maji, anavuta maji. Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ameieneza kanuni ya 1-10-1 kwa maji ya baridi kali: dakika moja ya kutuliza pumzi, dakika kumi ambazo mikono bado inakutii, na saa moja hivi kabla ya kupoteza fahamu. Kwa hiyo ukianguka, dakika ya kwanza usipambane. Lala chali, elea, vuta pumzi, halafu ndipo uamue.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, wengi wao watoto na vijana. Anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono; mdomo wake uko majini na mikono yake inasukuma chini. Kichwa kilichoinuka nyuma, macho yasiyotazama popote, mwili uliosimama wima bila kusonga mbele, hizo ndizo dalili. Mtoto mdogo awe umbali wa mkono wako. Mkiwa watu wazima wengi, mteue mmoja wa kuangalia kwa robo saa, asiye na simu, kisha mbadilishane, kwa sababu mkiangalia wote hakuna anayeangalia.

Ukiona mtu anazama na wewe hukufunzwa kuokoa, usiruke. Mpelekee tawi, kafi au shuka ukiwa umelala chini ukingoni. Au mtupie kitu kinachoelea, hata dumu tupu lililofungwa kifuniko. Huku mwingine akiita msaada. Maziwa mengi yamechukua wawili pale yalipokuwa yachukue mmoja.

Hatua ya 8: Kama utapanda chombo

Jaketi la kujiokolea livaliwe na lifungwe kabla ya kutoka gatini. Lililokaliwa kama mto halimsaidii mtu. Lijaribu hivi: mwenzako akushike mabegani mwa jaketi na kuinua. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno. La mtoto liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Vile vifuko vya hewa vya kuvaa mikononi ni vya kuchezea.

Kwa boti ya abiria, hesabu watu na uangalie uwezo ulioandikwa ubavuni. Ukiona imezidi, shuka. Hutapendwa, lakini boti nyingine itakuja.

Kwa mtumbwi au kayaki unayoiendesha mwenyewe, kanuni ni moja: anza kwa kwenda dhidi ya upepo. Utatumia nguvu ukiwa mpya, na ukichoka upepo utakurudisha. Wanaofanya kinyume huteleza kwa raha saa nzima, kisha hugundua alasiri, wakati upepo umeshika kasi, kwamba gati liko upande ule usiofikika. Upepo ukivuma kutoka nchi kavu kuelekea katikati, maboya ya kupuliza, magodoro na bata wa plastiki yabaki ufukoni kabisa. Maji ya karibu na ukingo yataonekana yametulia, na hapo ndipo mtego ulipo. Chombo kikipinduka, shikamana nacho. Kinaonekana kwa mbali kuliko kichwa chako.

Hatua ya 9: Ukishatoka

Oga kwa sabuni mapema iwezekanavyo, hasa watoto, na vua nguo za kuogelea kabla ya safari ya kurudi. Chombo chako, ndoano na viatu vimwage maji, visafishe tope na majani, na vikauke kabisa kabla hujavipeleka ziwa lingine. Kome wa pundamilia walifika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini katika miaka ya 1980, wakiaminika kuletwa na maji ya meli, na kutoka hapo boti ndogo za matembezi ziliwasaidia kuenea maziwa ya ndani. Gugu maji nalo huhamia kwa kipande kidogo kilichonasa kwenye nyavu.

Kuharisha, upele unaowasha au homa katika siku chache zinazofuata hutosha kukupeleka kwa daktari. Kama uliingia kwenye ziwa lenye kichocho, nenda ukapime hata ukijisikia mzima, lakini usikimbilie siku ya pili: vipimo huaminika zaidi wiki sita hadi nane baada ya kuguswa na maji, na tiba yake, dawa ya prazikwanteli, hufanya kazi vizuri kwa minyoo iliyokwisha kukomaa. Andika jina la ziwa na tarehe kwenye simu siku ileile. Daktari atakuuliza, na kufikia wiki ya nane utakuwa umesahau.